Siku Fundi Alipocheza Bao Kimya

Sijawahi kumpenda Fundi, na sijawahi kumaliza siku nzima bila kumtafuta kwa macho. Cherehani yake ilikaa miaka mingi kwenye kibaraza cha duka langu, sokoni Newala. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya kaunta, nauza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Yeye alikuwa nje anashona. Duka langu, kibaraza changu, hata kiti alichokalia kilikuwa changu. Lakini mtu wa soko akiulizwa anakwenda wapi, alijibu kwamba anakwenda kwa Fundi.

Watu waliniambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli nilipona, kwa sababu waliomfuata yeye walikumbuka kiberiti wakati wa kuondoka, wakaingia kwangu. Ila kupona kwa namna hiyo kunauma. Mtu ananunua chumvi huku shingo imegeukia mlangoni asipitwe na neno la Fundi, na ukimrudishia chenji hata hakutazami.

Alikuwa mchelewaji wa kutukuka. Nguo aliyoahidi Ijumaa ulivaa Ijumaa nyingine, tena baada ya kuifuata. Sikukuu moja ya Idi nilimwona mzee wa heshima akiingia msikitini na kanzu mpya yenye pini kwenye pindo, maana Fundi alikuwa amemkabidhi asubuhi ile ile na kumwambia asichuchumae kwa nguvu. Mzee yule alikuwa anacheka, anawaonyesha wenzake pini. Mimi nikichelewa kufungua duka nusu saa, mtaa mzima unajua kwamba Baba Somoe ni mvivu.

Aliwashonea Waislamu kanzu na Wakristo mavazi ya kwaya, na pande zote mbili zilidai kwamba Fundi ni mtu wao. Akiwa na kitambaa mkononi alikuwa mpole na hasemi, mdomo umejaa pini. Alikugawia chakula chake hata kama hakikumtosha, lakini mkasi wake hakumwazima mtu. Mkewe aliwahi kuutaka akate kamba ya mbuzi, akajibiwa kwamba ni afadhali mbuzi aende zake.

Serikali ilipofungulia biashara, marobota ya mitumba yakaanza kupanda huku juu uwandani kutoka Mtwara. Nikasema moyoni, sasa Fundi kwisha. Nani atashonesha shati jipya wakati mashati ya Ulaya yamemwagwa chini kwenye turubai? Kweli, msimu mmoja alikaa kibarazani mikono mapajani, nami nikampelekea chai kwa huruma ambayo sikuwa nayo. Msimu uliofuata alianza kupunguza mitumba. Kwenye suruali moja pana alitoa mbili za watoto, koti la baridi akaligeuza mfuko wa shule. Foleni ikawa ndefu kuliko zamani.

“Wazungu wana miili mikubwa, Baba Somoe,” aliniambia. “Mungu aliona mbali. Alijua huku tutahitaji vitambaa.”

Wakati huohuo maduka matatu yalifunguliwa mkabala na langu, yakiwa na sabuni zenye harufu ambazo mimi sikuweza kuzipata. Ufunguzi uleule uliomwongezea yeye ulinipunguzia mimi. Nikawa nashinda mlangoni kwangu nikimhesabia wateja wake.

Halafu kulikuwa na kicheko cha mke wangu. Jiko letu lilikuwa nyuma ya duka, na sauti ya Fundi ilipita dukani, ikapita kichwani kwangu, ikamfikia jikoni. Alicheka peke yake huko na mwiko mkononi. Mimi nimemwoa, nimemjengea, nimezaa naye, wala sijawahi kumchekesha kutoka chumba kingine. Kikombe cha kwanza cha chai kilikwenda kibarazani. Nilipouliza, mke wangu alisema mgeni hutangulizwa. Nikamkumbusha kwamba mgeni huyo ana mwaka wa tisa. Siku ya pili yake alijifunga kanga iliyoandikwa “Mwenye wivu ajinyonge”, akapita nayo dukani mara mbili.

Yote hayo ningeyavumilia kama si bao.

Kila alasiri, jua likishaondoka kibarazani, Fundi alifunika cherehani kwa kitambaa na ubao ukatolewa. Kwa asiyelijua bao la Kiswahili: ubao una safu nne za mashimo, mbili zako, mbili za mwenzako. Mnaanza na kete chache ubaoni na nyingi mkononi, na kila zamu unaingiza moja. Huko ndiko kunamua. Lile shimo kubwa lenye kete nyingi tangu mwanzo ndilo nyumba. Ukiliwa safu yako yote ya mbele, umefungwa. Ukifungwa wakati kete za kunamua bado umezishika, umefungwa mkononi, na hakuna aibu ubaoni inayoizidi hiyo.

Kete ya kwanza haili kitu, uicheze utakavyo. Kwa hiyo wengi wetu tuliitupa tu kama salamu ya mlangoni. Fundi hakuitupa. Aliikalia, akaipuliza, akaitazama, akaiweka mahali ambapo ulikuja kupaelewa wakati umeshachelewa. Halafu jambo ambalo mafundi wote wa bao waliliogopa, yeye alilifanya mapema: alisafirisha nyumba. Sisi tuliilinda nyumba mpaka kete za mkononi ziishe. Yeye zamu ya nne au ya tano alikuwa ameshaichota yote na kuisambaza, mtazamaji mgeni akadhani mtu huyu hajui mchezo.

“Nyumba ya kulinda ni ile ya mkeo,” alisema huku anagawa kete. “Hii ni ya kuhama.”

Na alisema bila kukoma, kwa kuwa ubaoni pini zilikuwa zimetoka mdomoni. Kwetu bao bila maneno ni kama ugali uliolala, unalika lakini nani anautaka. Unamkejeli mwenzako, naye anakukejeli, na ukinuna unahesabiwa umefungwa mara mbili. Fundi alikuwa na mdomo ambao sijausikia kwa mwingine. Ukichelewa kucheza alikuambia, “Baba Somoe, ziweke chini hizo kete, zimeanza kuota mizizi.” Ukikaribia kufungwa aliwageukia watazamaji, “Mchungeni huyu, atameza moja apunguze aibu.” Hakukutukana kamwe. Alikushonea neno la kipimo chako, likakukaa, na watu wakakuita hilo wiki nzima.

Nilicheza naye karibu kila siku na karibu kila siku alinifunga, mara nyingine mkononi, mke wangu akisikia. Nilikuwa wa pili sokoni. Wote wengine niliwafunga. Mtu wa pili ana shida ambayo wa kumi hana, kwa sababu yeye anaona kila siku mahali hasa alipozidiwa. Nilitaka jambo moja tu kutoka kwa Fundi: nimfunge mbele za watu, yeye akiwa anacheza kwa nguvu zake zote. Mara moja ingenitosha. Baada ya hapo angekunywa chai yote ya nyumba hii.

Nafasi ilikuja na mnunuzi wa korosho. Alikuwa mmoja wa wale walioingia biashara ilipofunguliwa, kila mmoja anatafuta kupendwa na wakulima kuliko mwenzake. Wengine walileta mpira, huyu akaleta mashindano ya bao, Newala na Masasi, na zawadi yake mabati ya kuezeka nyumba nzima. Tuliteremka Masasi kwa lori lake. Njia nzima Fundi alinitania. Alisema nimebeba shuka kwa sababu najua nitafungwa mapema na kulala. Lori zima lilicheka, na dereva alisimamisha gari ajifute machozi.

Tulicheza kwenye ghala tupu la korosho, lenye harufu ya magunia. Watu wa Masasi walijaa. Wengi wao hawakuja kuangalia bao, walikuja kumsikia Fundi, maana habari za mdomo wake zilikuwa zimeshafika. Wachezaji wao walianguka mmoja mmoja, wengine kwake, wengine kwangu. Mwisho tukabaki wawili, watu wa kibaraza kimoja, na tukapewa nafasi ya kula kabla ya fainali.

Nilipotoka kunawa mikono nilimwona shemeji yangu nyuma ya ghala. Ni kaka wa mke wangu, mkulima wa Mkunya, na sikujua kwamba atakuja. Alikuwa amesimama na Fundi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno ambayo sikuyasikia, na Fundi akainamisha kichwa. Kwangu shemeji hakuja. Alininyooshea mkono kwa mbali tu na kuingia ndani. Niliona joto limenipanda mpaka masikioni. Hata ndugu wa mke wangu anamtakia heri Fundi, na mimi ananipungia mkono kama mtu wa ng'ambo ya barabara.

Tukakaa. Fundi alikaa upande upande, hakunielekea.

“Habari za nyumbani, Baba Somoe,” alisema.

Tulikuwa tumetoka nyumbani pamoja alfajiri ile. Nikajibu nzuri. Alianza yeye, na kete yake ya kwanza aliitupa kama tunavyoitupa sisi. Watu wakasubiri neno. Halikuja. Kete ya pili kimya, ya tatu kimya. Zamu ya kusafirisha nyumba ilipofika, nami nilishaiona, aliishia mlangoni mwa nyumba na kuiacha imelala. Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma alisema Fundi anaumwa.

Nilidhani anaogopa. Naliandika hili kama lilivyokuwa: nilidhani nimemtisha, na furaha niliyoipata sijaipata kwenye harusi yangu. Basi mdomo ukanifunguka mimi, mtu ambaye sikuwa na sifa hiyo.

“Fundi, vipi, uzi umekatika?” nikamwambia.

“Umekatika, Baba Somoe,” akajibu, macho kwenye kete.

“Nitakula nyumba yako, na kile kiti cha kibarazani unachokalia ni changu. Utalala wapi leo?”

Watu wachache walicheka. Fundi hakujibu. Nilimwona shemeji yangu akigeuza uso, kisha akapenya katikati ya watu akatoka nje ya ghala. Nikajisemea huyo naye anaona wivu. Nikaila nyumba ya Fundi. Nikaendelea kusema, nikasema hata yale maneno yake mwenyewe ya kuota mizizi, mpaka safu yake ya mbele ikawa tupu. Alinyanyuka, akanipa mkono akiushikilia kwa chini kwa ule mwingine, akasema hongera.

Mabati nikapewa, nikaezeka. Lakini kabla lori halijafika Newala, jambo lilikuwa limeshaamuliwa bila mimi: Fundi kamwachia jirani yake. Kwa nini kamwachia? Kwa sababu ana roho nzuri. Kwa sababu anakaa kibarazani kwake, si vizuri kumvunjia mwenyeji. Wakamsifu zaidi ya ambavyo wangemsifu angeshinda. Nyumba yangu ikawa inaelekezwa kwa wageni hivi: pita msikiti, utaona bati la Fundi. Mvua iliponyesha juu ya bati lile, nilikuwa nalala uso ukutani.

Siku chache baadaye shemeji alikuja jioni, akakaa uani na dada yake, wakaniita.

“Shemeji, tumepokea mshenga,” alisema. “Ni kwa ajili ya Somoe. Tumekaa kama ukoo, tumekubali. Na wewe sasa tunakujulisha.”

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama yake, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba analisha, anasomesha, anaambiwa. Nilikuwa nimeshazoea kwa mambo mengine, ingawa kuzoea si kupenda.

“Kijana wa nani?” niliuliza.

“Wa Fundi.”

“Mmekubali lini?”

Shemeji alimtazama dada yake. “Kule Masasi. Nilimpa jibu kabla hamjakaa ubaoni. Ndiyo kwanza nilikuwa nafika, sikujua kwamba ni ninyi wawili mtakaokutana. Jibu linatangulia kwa aliyeuliza, shemeji, ndiyo utaratibu.”

Hapo nikaelewa yote, moja baada ya jingine. Baba wa kijana na baba wa msichana ni wakwe. Huku kwetu mkwe hutazamani naye machoni, hupigi naye porojo, humwambii kwamba atameza kete. Fundi aliingia kwenye fainali ile akijua kwamba mimi ni mkwe wake, na mimi sijui. Asingeweza kujitoa, maana wangeuliza sababu, na habari ile haikuwa yake kunipa. Ilikuwa ya mjomba. Kwa hiyo alikaa upande upande, akanisalimu kwa adabu, akacheza kimya, nami nikamkejeli mkwe wangu mbele ya Masasi nzima na kutangaza kwamba nitakula nyumba yake.

“Ndiyo maana nilitoka,” shemeji alisema. “Masikio yangu yaliona aibu.”

Mke wangu aliinuka kwenda jikoni. Ningependa angecheka.

Ukwe ulipotangazwa, Fundi alimtuma mtoto wa dada yake kuja kuomba ruhusa ya kuhamisha cherehani. Ilikuwa sawa. Hawezi kushinda kibarazani kwa mkwe, anapiga soga na mama mkwe wa mwanawe. Alihamia upande wa pili wa soko, kwenye kibaraza cha muuza nazi, na foleni ikamfuata. Alasiri nilikisikia kicheko kutoka kule, nikajua ubao umetolewa. Kibaraza changu kikawa safi na kitupu, kama nilivyokitaka miaka yote. Mke wangu aliendelea kutoa kikombe cha kwanza kwa muda, halafu akawa ananipa mimi, na chai ilikuwa na ladha ileile.

Nikimwona njiani nilisimama, naye alisimama. “Habari za nyumbani, mkwe.” “Nzuri, mkwe. Watoto hawajambo?” “Hawajambo.” Kisha kila mmoja alikwenda zake. Ndoa ya Somoe ilikuwa njema, namshukuru Mungu, wala sina neno juu ya kijana yule. Lakini mimi sikucheza tena na baba yake. Niliwafunga wengine wote, sasa nikawa wa kwanza kibarazani kwangu kwa kuwa hakuwepo wa kuwa wa kwanza. Swali likabaki. Aliniachia? Au nilimfunga? Unaweza kuezeka nyumba kwa swali na likawa linavuja kila msimu.

Uzeeni macho ya Fundi yalimwisha, akarudi kwa watu wa ukoo wake Nanganga. Mwaka jana nilikuwa na safari ya Lindi, nikashuka hapo na kilo mbili za sukari. Nilimkuta amekaa mkekani ukumbini, amekonda, ana shati lenye mishono mizuri. Nilikaa kando yake, sote tumeelekea mlangoni, kama inavyotakiwa. Tuliulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa kijana anayeposa.

“Mkwe,” nikasema, “nina neno la zamani. Lile bao la Masasi. Uliniachia?”

Hakuonekana kushangaa. “Hapana, mkwe,” alisema taratibu. “Ulinifunga. Ulicheza vizuri sana siku ile.”

“Kweli?”

“Kweli kabisa.”

Sijui nieleze vipi raha niliyoipata. Mabega yalinishuka. Niliutazama ule uso usioona nikaupenda, baada ya miaka yote ile. Nilikuwa naanza kutafuta maneno ya kumshukuru ndipo alipoingia mtoto wa Somoe, msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, aliyekuja kwa babu yake wakati wa likizo. Alinipa shikamoo yangu haraka haraka, akavuta ubao kutoka pembeni na kuuweka mbele ya Fundi.

“Umekuja, mke wangu,” Fundi alisema, na sauti ikawa nyingine kabisa. “Jana ulikimbia na deni la kufungwa. Umekuja kulipa au kuongeza?”

“Leo unalala na njaa, babu.”

“Mimi nilale na njaa, nina mke mpishi kama wewe? Namua, namua, mkono wako unatetemeka mpaka mkeka unawasha.”

Babu na mjukuu ni watani, hakuna neno lisilopita kati yao. Fundi alicheza kwa kupapasa mashimo, vidole vinahesabu kete upesi kuliko macho yangu. Kete yake ya kwanza aliipuliza, akaikalia, akaiweka. Zamu ya tano alisafirisha nyumba. Maneno yalimtoka mfululizo, mapya, sijawahi kuyasikia, na mtoto akamrudishia bila huruma, na watu wa nyumba wakaacha kazi wakaja mlangoni kucheka. Alimfunga mkononi. Mtoto alizitupa kete zilizobaki na kujilaza kwenye mkeka kwa kicheko.

“Na babu wa Newala naye anajua bao?” aliuliza.

“Huyu alinifunga Masasi,” alisema Fundi.

Mtoto aliinuka akanitazama, kisha akamtazama yeye. “Mwongo! Wewe? Ulimwachia.”

Nilimgeukia Fundi. Nilisahau adabu, nikamtazama usoni, nikisubiri acheke, anikejeli, aniambie neno lolote la kipimo changu. Uso wake ulikuwa umejifunga. Sauti ikarudi ileile ya kuulizia habari za nyumbani.

“Usiseme hivyo, mama,” alimwambia mtoto. “Huyu ni mkwe wangu.”

Msichana akaomba radhi, akaanza kukusanya kete. Nami nilikaa pale nikimwonea wivu mjukuu wangu mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa amefungwa na Fundi, na mimi siku ile Masasi nilimfunga mkwe.